Vipara vya ukoka: shajara ya uwanja wa mbele, Moshono, Arusha

Jumamosi, 8 Februari

Naanza kuandika leo kwa sababu moja tu, pale getini nimepanda ukoka mara tatu na mara tatu umekufa, na kila ukifa kila mtu hapa ndani ana lake, baba watoto anasema maji hayatoshi, dada anasema ni mbwa, mi nilikuwa nalaumu jua la Januari, na ukituuliza mara ya kwanza tulipanda mwezi gani na tuliweka mbolea gani hakuna anayekumbuka. Kwahiyo safari hii kila kitu kinaandikwa, hata cha kijinga.

Hali ilivyo. Nyumba tulihamia 2021, uwanja wa mbele una kama mita 11 kwa 9, ukoka ni ule wa kawaida wa majani membamba. Ukiwa barabarani unaona bustani ya maana kabisa, ukiingia geti ndo unakutana na vipara. Nimevipima kwa tepu. Cha getini ndo baba lao, mita 2 na nusu kwa 2, udongo wake mweupe mweupe umekauka kama ukoko wa ugali. Cha ukutani chini ya taa ya nje kilianza Desemba kama doa la njano, sa hivi kinatosha kulaza godoro la futi 4. Chini ya mparachichi sio kipara hasa, ni ukoka uliogoma, nyuzi nyuzi ndefu zinatafuta jua. Halafu kuna vidoa saba vya ukubwa wa sahani karibu na banda la Bosi, mbwa wetu, hivyo nilijua sababu yake siku nyingi, au nilidhani najua.

Desemba tulipopanda Machame kula Krismasi, baba mkwe alinisikiliza ninavyolalamika habari za ukoka mpaka mwisho, akaweka mbege yake chini, akauliza, "Mwanangu, unanunua majani, unayapa maji, unayapa mbolea, halafu ng'ombe huna?" Nikamwambia baba ni ya kupendezesha tu. Akasema haya. Hiyo haya yake bado inaniuma.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya ibada nimechukua bisibisi ndefu ya baba watoto nikaanza kuchoma ardhi kama chizi, wapita njia wananichungulia getini. Wazo lenyewe ni rahisi, udongo uliolegea bisibisi inaingia kwa kusukuma na kiganja, udongo ulioshindiliwa inagoma, na pale bisibisi inapogoma mizizi nayo inagoma. Katikati ya uwanja palipo kijani imezama mpaka kwenye mpini. Getini imeingia vidole viwili ikasimama. Nikahama kidogo, vidole viwili. Nikahama tena, vilevile, kama kuna mtu chini anaizuia. Chini ya mparachichi inaingia ila inagonga mizizi. Chini ya taa ndo ajabu, inaingia laini mno kama kisu kwenye keki, na udongo ulioshindiliwa hauwi hivyo, kwahiyo hicho kipara kina ugonjwa wake mwingine.

Jaribio la pili, kopo la maziwa ya unga nimelitoboa chini likawa wazi pande zote, nimelikandamiza kwenye udongo, nimejaza maji, nimewasha saa ya simu. Palipo kijani maji yameisha dakika ya 4. Getini dakika ya 50 maji bado yapo na mtoto wa mwisho kashaweka boti ya karatasi.

Mtuhumiwa ni gari. Miaka minne baba watoto anageuzia gari palepale, tairi la nyuma linakanyaga kipara kila asubuhi. Nimempeleka, nimempa bisibisi achome mwenyewe, amechoma mara tatu, hajasema kitu, jioni gari kaligeuzia nje. Nimelala mshindi.

Jumamosi, 15 Februari

Ushindi umedumu siku sita.

Leo nimemwita kijana anayetusaidia bustani aje alegeze udongo kwa rato, maana dawa ya udongo ulioshindiliwa ni hiyo, unatifua, unachanganya samadi, unapanda. Rato imegoma, meno mawili yamepinda. Kachukua sululu. Pigo la kwanza, la pili, la tatu likatoa cheche. Akaniangalia. Akapiga pembeni, cheche. Tukaanza kufagia udongo kwa mikono na chini yake, sentimita 7 hivi toka juu, kuna zege. Sio jiwe wala kokoto, ni zege limetandazwa kama chapati, pengine unene wa vidole viwili, pengine unene wa ngumi, na juu yake mizizi mikavu ya ukoka wangu imelala bapa, imejikunja imerudi juu, imezunguka kama tambi kwenye sahani. Nilikaa chini nikaitazama dakika nzima, mizizi ya miaka mitatu ya hela yangu.

Nikapiga simu kwa fundi aliyetujengea.

"Fundi, za siku?"

"Nzuri mama, za huko, nyumba haijapasuka?"

"Nyumba nzima. Nataka kuuliza, pale getini mlifanya nini?"

"Getini kulia au kushoto?"

"Kulia ukiwa unaingia."

"Aaa mama, pale si ndo tulikuwa tunakorogea."

"Zege la nini?"

"La yote. Msingi, linta, jamvi."

"Na likibaki?"

"Likibaki unalimwaga hapohapo, unasambaza, unafukia, usafi tu mama." Halafu akaniuliza kama nina kazi ya pevingi.

Ndo nimeelewa kwanini kila nikipanda ukoka unashika vizuri miezi miwili ya kwanza nashangilia, halafu ukiingia ukame unakufa wiki moja. Kila mara nilikuwa naongeza udongo mzuri kidogo juu, yaani nilikuwa napanda ukoka kwenye sinia. Mvua ikiwepo sinia ina maji, jua likija sentimita 7 zinakauka kwa siku mbili, na mizizi haina pa kushuka. Gari alikuwa shahidi tu.

Kabla kijana hajaondoka nikajaribu kitu kingine, nimechukua udongo wa pembeni ya zege na udongo wa nyuma ya nyumba, vyote vikavu, nikamwagia siki ya jikoni. Wa nyuma kimya. Wa getini ukatoa povu ukachemka kama soda. Hiyo ni chokaa ya sementi, manake hata ule udongo unaozunguka zege umeharibika, sementi inaufanya udongo kuwa wa magadi magadi na hapo ukoka unakuwa wa njano hata ukiulisha, kwa sababu madini kama chuma yapo ila mizizi haiwezi kuyavuta. Kwahiyo kuvunja zege peke yake haitoshi, na udongo wake unatoka.

Tumevunja mpaka saa kumi na moja jioni. Zimetoka toroli 14, kati ya hizo 5 ni zege, nyingine ni udongo mweupe, mifuko ya sementi, vipande vya bloku, nondo ya urefu wa mkono na kandambili moja ya kushoto. Shimo lina kina cha sentimita 40 na linatisha, nimeweka matawi watoto wasitumbukie.

Jumamosi, 22 Februari

Kipara cha taa. Nimeshika ukoka wa njano pembeni ya kipara nikavuta kidogo tu, ukaja wote, umekunjuka kama zulia linalotolewa vumbi. Hauna mizizi hata mmoja. Chini yake wamelala funza weupe wanene, wamejikunja kama herufi C, kichwa cha kahawia, miguu sita karibu na kichwa. Mtoto wa kati kakimbia, wa mwisho kawaokota.

Hawa ni watoto wa wale mbawakawa wa kahawia, wale mvua za vuli zikianza wanagonga taa usiku kucha paka anawala mpaka anachoka. Wanafuata taa, wanaanguka chini yake, wanataga kwenye ukoka hapohapo, watoto wanakula mizizi. Taa yetu inawaka saa kumi na mbili jioni mpaka asubuhi, nyeupe kali, mita 2 juu ya kipara. Tumewaalika wenyewe.

Nimekata mraba wa futi moja kwa futi moja nikahesabu funza 17. Mmoja wawili kila ukoka unao na hauwasikii, ukifika kumi kwenye mraba kama huo ndo unaanza kuona njano. Dawa dukani ipo lakini hapa kuna mbwa, paka, watoto na kuku wa jirani wanaoingia bila hodi, sitaki. Basi nimeenda kwa bibi wa nyumba ya pili, mwenye ng'ombe wawili na kuku wasiohesabika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mama, karibu."

"Bibi naomba kuazima kuku."

Alicheka mpaka akashika mlango. Nikamweleza. Alikuja nao mwenyewe jioni, kuku saba na jogoo, nilishamwagia maji sehemu yote na kuitifua juu juu ili funza wapande. Sijawahi kuona sherehe kama ile. Walichakura mpaka giza. Naongeza Jumanne: wamerudi Jumapili na Jumatatu bila kuitwa. Ukoka uliobaki pale wameung'oa wote ila ulishakufa tangu zamani, hasara hakuna.

Taa nimebadilisha balbu, ya njano, na baba watoto kaweka ile inayowaka mtu akipita tu. Sasa kila paka akipita ukuta mzima unawaka.

Jumamosi, 1 Machi

Kujaza shimo. Udongo nimenunua tripu moja ya kirikuu, dereva kaniapia ni udongo mweusi wa shambani. Samadi kwa bibi, viroba sita, hakutaka hela, anataka majani nitakayokuwa nakata awape ng'ombe. Nilianza kuzoa samadi ya juu ya lundo akanizuia, "Hiyo bado inachemka mama, itakuchomea. Ingia huku chini, ukiikamata ikiwa ya baridi na haikunukii, hiyo ndo yenyewe." Na kweli ya chini ni kama udongo mwororo, nyeusi, haina hata harufu.

Nimechanganya toroli tatu za udongo kwa moja ya samadi. Tunajaza kama sentimita 12, tunakanyaga kwa miguu mitupu, sio kushindilia, tunakanyaga tu kama mtu anayecheza taratibu, tunamwaga maji, tunajaza tena. Ukijaza mara moja ukapanda siku hiyohiyo, mvua ikinyesha panatitia unabaki na bwawa. Nimeacha juu kidogo zaidi ya uwanja, panyonye wiki mbili.

Jumapili, 16 Machi

Pametitia sentimita 4. Nimeongeza udongo, nimesawazisha kwa reki na ubao mrefu. Mvua bado, mawingu yanakuja toka Meru mchana, yanaangalia, yanaondoka. Bomba limekauka siku ya nne leo. Nilikuwa nipande jana, namshukuru Mungu sikupanda.

Njiani toka mjini nilisimama kwa wauza miche, yule kaka akanishawishi mbegu za paketi, eti ukoka wa kizungu, unaota wiki mbili. Sikatai mbegu, ila nilishafanya kosa la kuchanganya, mara ya pili nilipanda ule wa majani mapana wanaouita Kikuyu, ambao asili yake ni hizi nyanda zetu za juu huku Afrika Mashariki na sikatai ni mzuri na baridi ya Arusha unaipenda, lakini katikati ya ukoka mwembamba ulionekana kama kiraka cha kaki kwenye shati jeupe. Kiraka kinatoka kwenye nguo ileile. Nyuma ya nyumba karibu na tenki ukoka umepanda mpaka kwenye njia, nitautoa hapo, bure.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imenyesha usiku wa Alhamisi na jana. Tumepanda.

Naandika namna tulivyofanya maana hapa ndo nilikuwa nakosea kila mara. Zamani nilikuwa nachomeka vishungi vya majani kama mtu anayepanda maua kaburini. Ukoka hautaki hivyo, ukoka unatambaa, kila pingili kwenye kamba yake ina uwezo wa kutoa mizizi chini na majani juu. Kwahiyo tumeng'oa zile kamba ndefu, tumezikata vipande vya pingili tatu au nne, tumeviweka kwenye ndoo yenye maji kidogo na gunia bichi juu, maana zikikaa juani nusu saa zinanyauka na hata ukipanda unapanda maiti. Tumechora mifereji ya kina cha vidole viwili, umbali wa kiganja kati ya mfereji na mfereji, tumelaza vipande kimoja baada ya kingine, tumefukia pingili mbili na kuacha ncha moja yenye majani ikichungulia. Kisha tumekanyaga mstari mzima ili udongo ushike pingili, hiyo ya kukanyaga ndo watu wengi wanaruka na ndo kazi yenyewe. Jumla vipande kama 340, dada kahesabu, mi niliacha kwenye 90. Getini pote na kwenye taa pote. Kwenye taa kwanza nilitifua tena nikahesabu funza, 2 kwenye futi moja. Kuku wana shahada.

Jumamosi, 5 Aprili

Getini mistari inaonekana, vijani vya kijani kama nywele za mtoto aliyenyolewa wiki iliyopita. Ila mvua ya Jumatano ilishuka ya kufa mtu, maji ya bati yakaruka mfereji na kuchimba njia katikati ya kipara, vipande kama 30 nimevikuta vimelundikana kwenye geti. Nimevirudisha, nimepanga mawe pale maji yanapodondokea, na baba watoto kaahidi kuongeza kipande cha gata. Ahadi nimeiandika hapa na tarehe.

Jumapili, 13 Aprili

Nimefanya aibu.

Kwenye kipara cha getini, katikati ya ukoka mdogo, vimeota vimche vingi vyenye majani kama ya karoti. Kila mtu Arusha anayajua haya, gugu karoti, limejaa pembeni ya barabara na mashambani, mmea mmoja unamwaga mbegu kwa maelfu na ukilishika shika mikono mitupu wengine wanawashwa na kupiga chafya. Mi nikajua moja kwa moja, ni samadi ya bibi. Nikaenda kwake na kimche mkononi, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Bibi hakujibu. Alichukua fimbo yake tukaja wote mpaka getini, akatazama, akauliza ule udongo wa gari uliobaki uko wapi. Nikamwonyesha lundo la udongo wa kirikuu pembeni ya ukuta, lile ambalo halijachanganywa na samadi hata kijiko. Limekuwa shamba la gugu karoti. Halafu akanipeleka kwake kwenye lundo la samadi, hakuna hata kimoja. "Ng'ombe wangu mi siwapi hili jani," akasema, "maziwa yanakuwa machungu." Akarudi ndani.

Jioni nimemsimulia baba watoto, akasema kwa kosa hilo kwetu Uchagani ungechuma isale, jani la kuombea msamaha, ukaenda nalo ukapiga magoti, na bibi mwenyewe ni Mchagga wa Kibosho kwahiyo angelielewa vizuri. Isale sina, nilipeleka kilo mbili za sukari na kuomba radhi. Kapokea. Kaniambia niyang'oe kabla hayajatoa maua, na nivae glavu. Nimeng'oa yote, lundo nimelifunika na nailoni nyeusi. Ndago zimetokea nne, hizo ni vita vya maisha, nimechimba na vile vitunguu vyake vya chini.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua zinaelekea ukingoni na ukoka umeanza kutupa kamba, mistari imekaribia kugusana. Nikapata tamaa. Nilikuwa na kilo moja ya urea toka duka la pembejeo, nikaona niuharakishe. Mkulima yeyote angeniambia, urea ina naitrojeni asilimia 46, ni kali, unaipima kidogo kidogo, unasambaza sawasawa na unamwagia maji papo hapo. Mi nilirusha kwa mkono saa nne asubuhi nikategemea mvua ya mchana. Mvua haikuja.

Jumatano, 14 Mei

Vidoa. Vidoa tisa vya mviringo, katikati vimeungua rangi ya majani makavu, pembeni pete ya kijani kali kuliko sehemu nyingine zote. Baba watoto kapita, kasimama, kasema, "Bosi kafika mpaka huku?"

Nilicheka kidogo halafu nikaacha kucheka, maana ni kweli kabisa, vinafanana na vile vya bandani kama mapacha. Nikaenda kuangalia vya Bosi kwa karibu, katikati kumekufa, pembeni pete ya kijani. Ni kitu kilekile. Miaka yote nilikuwa naamini mkojo wa mbwa ni kama asidi, hata majivu nishawahi kumwaga pale kuutuliza, kumbe tatizo ni mbolea na chumvi nyingi sehemu moja, na Bosi pamoja na jina lake ni jike, anachuchumaa na kumwaga yote mahali pamoja, sio kama dume anayegawa kwenye kila nguzo. Pembeni inapofika kidogo inakuwa mbolea, ndo ile pete.

Basi dawa ni ileile ya vyote viwili, maji. Nimeloweka vidoa vyangu kwa ndoo tatu tatu, na bandani nimeweka dumu la lita 10, aliyemwona Bosi amechuchumaa anamwaga palepale kabla halijapita lisaa. Watoto wamegeuza mchezo, Bosi anafukuzwa na dumu uwanja mzima, maskini kaanza kujificha akitaka kukojoa.

Jumamosi, 24 Mei

Mparachichi. Nimepogoa matawi matatu ya chini, nimekaa na saa toka asubuhi mpaka jioni kuhesabu jua, jumla masaa mawili na nusu. Ukoka huu mwembamba unataka jua zaidi ya nusu siku, na hata nikikata zaidi parachichi za mwaka huu zitakuwa za kuhesabu kwa vidole na hapo nitagombana na nyumba nzima. Nimesalimu amri. Pembeni kunakopata mwanga nimechomeka ukoka wa Pemba, ule wa majani manene unavumilia kivuli, na katikati nimemwaga kokoto na kuweka benchi. Vile vipande vikubwa vya zege la getini nimevipanga kama ngazi za kufikia benchi. Fundi angejisikia vizuri.

Jumamosi, 14 Juni

Baridi imeingia, ukungu mpaka saa nne. Ukoka umesimama, haukui, nilianza kupaniki nikakumbuka kwamba ukoka huu ni wa joto, baridi ikija unapunguza mwendo, na kuumwagia mbolea sasa hivi ni kumlazimisha mgonjwa kula. Nimepunguza maji iwe mara mbili kwa wiki lakini ya kuzama. Nimechoma bisibisi getini, imeingia mpaka kwenye mpini. Nimeichoma mara ya pili bila sababu.

Jumamosi, 5 Julai

Nimekata mara ya kwanza. Urefu ulifika sentimita 8, nimetoa kama theluthi tu, kwa mkasi mkubwa, sio kwa mashine, maana mashine ya kuazima ina kisu butu kinang'oa badala ya kukata na mizizi bado michanga. Masaa mawili na nusu nimechuchumaa, mgongo umekufa. Kimepatikana kiroba nusu, bibi kakifuata mwenyewe.

Vidoa vya urea, sita vimefunga, vitatu nimechomeka vipande upya. Vya Bosi vimebaki viwili.

Ijumaa, 8 Agosti

Baba mkwe yupo, kaja Nanenane, asubuhi tulikuwa viwanja vya Themi anakagua ng'ombe wa maziwa kama yeye ndo jaji. Tumerudi saa tisa. Kashuka kwenye gari nje, kaingia geti dogo, kasimama na fimbo yake palepale lilipokuwa shimo, kaangalia kulia, kaangalia kushoto.

"Mwanangu, kile kipara ulichokuwa unalia nacho Krismasi kiko wapi?"

"Umekikanyaga baba."

Akainama, akang'oa kamba moja ya ukoka, mizizi ikatoka na udongo, akaitazama, akainusa. "Hii ng'ombe anakula?"

"Anakula baba, bibi wa pale anachukua kila nikikata."

"Viroba vingapi?"

"Jua likirudi nadhani kimoja na nusu kwa mwezi, uwanja mzima."

Akapiga hesabu kimya. "Basi hapo hata mbuzi hashibi," akasema, akaingia ndani kunywa chai. Ile kamba aliyoing'oa kairudisha chini akaikandamiza na kiatu.

Jumapili, 10 Agosti

Vipimo. Getini pamebaki pengo moja la sentimita 30 kwa 40 karibu na nguzo, nimechoma bisibisi, vidole viwili tu. Kuna kipande cha zege tulikiacha. Kwenye taa pamefunga pote, funza 1. Gata bado, ahadi ya Aprili 5. Sululu nimeiazima kwa bibi, pengo nachimba Jumamosi ijayo, kupanda ni mpaka vuli.